Silinda hedi ya Corolla, trei ya mayai na kifuniko cha rejeta

Mshale wa joto wa Corolla yangu ulianza kupanda tukiwa nyuma ya lori la mbolea katikati ya mlima Kitonga, gia ya pili, kiyoyozi kikiwa kimewashwa kwa sababu mama yangu alikuwa kiti cha nyuma na joto la Ruaha Mbuyuni lilikuwa limemchosha. Kabla sijapata mahali pa kuegesha, mvuke ulikuwa tayari unatoka pembeni mwa boneti. Kijana mmoja aliyekuwa akiuza vitunguu kando ya barabara alikuja mbio na dumu la maji, akiwa na nia njema kabisa ya kuyamwaga juu ya injini, nami nikamshika mkono kwa nguvu kiasi kwamba baadaye nililazimika kumwomba radhi. Alumini iliyopata moto kiasi kile ikimwagiwa maji ya baridi inaweza kupasuka, na silinda hedi, kile kifuniko cha alumini kilicho juu ya silinda za injini, ikipasuka ni gharama ya aina nyingine. Tulikaa pale saa moja na nusu, mama akihesabu malori, mpaka kifuniko cha rejeta kikawa kinashikika kwa mkono mtupu.

Tulifika Iringa kwa kuongeza maji njiani mara nne. Gari lilirudi nyumbani Morogoro likiwa juu ya lori, na mimi nikarudi kwa basi nikiwa na jambo moja tu kichwani: hii ilikuwa mara ya pili. Miezi kumi na minne nyuma gasketi ya silinda hedi ya injini hii hii, ule utando mwembamba unaoziba kati ya hedi na mwili wa injini, ilikuwa imeungua, nikaipeleka gereji, asubuhi wakafungua, jioni nikakabidhiwa funguo. Hakuna aliyeniambia kwa nini iliungua, na kwa kweli mimi mwenyewe sikuuliza. Safari hii niliamua kwamba hedi itashushwa uani kwangu, na kwamba sitanunua gasketi mpya kabla ya kujua kilichoiua ile ya zamani.

Injini yenyewe ni 5A-FE, ya sentimita za ujazo 1498, silinda nne na valvu kumi na sita. Bloku yake, yaani mwili wenye silinda, ni ya chuma cha kutupwa na hedi yake ni ya alumini, na katika ndoa hiyo ya metali mbili ndimo tatizo lote linapoanzia. Alumini hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma cha kutupwa. Chukua kipande cha alumini chenye urefu wa sentimita 40, kipandishe joto kwa nyuzi 80, nacho kitarefuka kwa takriban robo tatu ya milimita, wakati chuma cha urefu huo huo kitarefuka kwa kama nusu ya hapo. Gasketi ndiyo inayovumilia msuguano huo kila siku gari linapowashwa na kuzimwa, na inaweza kuuvumilia kwa miaka mingi ikiwa joto halivuki mpaka. Likivuka, hedi hutaka kurefuka zaidi ilhali bolti kumi zimeikaza isisogee, kwa hiyo inajikunja. Ikipoa, hairudi yote ilivyokuwa.

Kabla ya kufungua hata bolti moja nilipima kompresheni, yaani presha ya hewa inayobanwa ndani ya kila silinda. Niliazima kipimo, nikatoa plagi zote nne, nikachomoa soketi ya waya za distributa ili kusiwe na cheche, shemeji yangu akakanyaga mafuta hadi mwisho na kupiga stata. Silinda ya kwanza ilitoa paundi 175 kwa inchi ya mraba, ya nne 170. Ya pili ilitoa 95 na ya tatu 90. Kwa injini hii kiwango cha chini kinachokubalika ni paundi 142, na silinda moja isipishane na nyingine kwa zaidi ya paundi 14. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini kwa pamoja namna hiyo, huhitaji mganga. Ule utepe mwembamba wa gasketi uliopo kati yake umekatika na zinapumuliana. Nikachungulia pia mdomo wa rejeta wakati stata ikizunguka, nikaona mapovu. Kijiti cha oili kilitoka na rangi ya chai ya maziwa. Ushahidi ulitosha.

Kuhusu kufungua sitasema kila kitu, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi hiyo ni subira na spana namba 10, 12 na 14. Unatoa waya wa hasi wa betri kwanza. Unamwaga maji, kisha oili, hasa ukijua kwamba maji yameshaingia humo. Unapunguza presha ya petroli kwenye bomba kabla ya kulifungua, tena gari likiwa baridi na hakuna mtu anayepika jirani. Kila hozi na kila soketi ya umeme niliibandika kipande cha plasta nyeupe yenye namba, nikaipiga picha kwa simu, halafu namba hiyo hiyo nikaiandika kwenye daftari, kwa kuwa simu ikizima chaji katikati ya kazi daftari bado linasomeka. Bolti na nati nilizipanga kwenye trei za mayai, kila shimo na karatasi yake. Trei tatu zilitosha. Mke wangu aliniuliza kama nitakapomaliza zitaanguliwa.

Nati za manifoldi ya ekzosi ndizo zilizonitesa. Mbili zilitoka kwa kulia, ya tatu ikakatika pamoja na stadi yake, na hapo nilijifunza kwamba oili ya kulainisha kutu inatakiwa kupuliziwa jana yake, siyo dakika tano kabla. Bolti ya puli ya krankshafti, shafti kuu ya injini, nayo haikutaka utani. Gari langu ni la gia za mkono, kwa hiyo niliweka gia ya tano, shemeji akakanyaga breki kwa miguu yote miwili, nami nikarefusha mkono wa racheti kwa bomba la maji la mita moja. Ilipoachia, mlio wake ulimfanya mbwa wa jirani abweke.

Kabla ya kuondoa mkanda wa taimingi niliizungusha injini hadi silinda ya kwanza ikawa juu kabisa, alama ya puli ya chini ikakaa kwenye sifuri na lile tundu dogo kwenye puli ya kemushafti, shafti inayofungua valvu, likalingana na alama ya kikombe cha beringi, kibano kinachoishikilia shafti hiyo, kisha nikatia alama zangu mwenyewe kwa rangi ya kucha. Pampu ya maji huzungushwa na mkanda wa nje, siyo huu, lakini ukishafika hapo ni uzembe kuirudisha pampu ya zamani. Mkanda wa taimingi huzungusha kemushafti moja tu. Ya pili huzungushwa na ya kwanza kwa gia, na moja ya gia hizo ina sahani mbili zinazovutwa na springi ili meno yasigonge. Kuna tundu lililoachwa mahsusi kwa ajili ya bolti ndogo ya milimita 6 inayozifunga sahani hizo pamoja kabla hujafungua vikombe. Usipoiweka, springi itazisokota, na siku ya kurudisha utahangaika hadi magharibi. Tena kemushafti inatakiwa itoke ikiwa imelala sawasawa, kwa kulegeza vikombe vyake kidogo kidogo, zamu kwa zamu, kwa sababu nafasi ya pembeni ni ndogo mno na ukiiinua upande mmoja unaweza kuvunja sehemu ya hedi inayoibana.

Bolti kumi za hedi hulegezwa kuanzia ncha kuelekea katikati, tena kwa mizunguko kadhaa, robo kwa robo. Kwenye kukaza ni kinyume chake, unaanzia katikati kwenda nje. Nimewahi kumwona kijana akizilegeza kwa kufuata mstari kutoka kushoto kwenda kulia, moja moja hadi mwisho, na hedi iliyokuwa imenyooka ikapindia mikononi mwake. Za injini hii zina urefu wa aina mbili, za milimita 90 upande wa manifoldi ya hewa na za milimita 108 upande wa ekzosi, kwa hiyo trei ya mayai ilikuwa na kazi hapa pia. Niliiacha manifoldi ya hewa ikiwa imeshikana na hedi, nikaitoa baadaye mezani, jambo lililoniokoa kufungua bolti za chini kwa kupapasa, ingawa mzigo ulikuwa wa watu wawili kuubeba.

Gasketi ilijieleza yenyewe. Kati ya silinda ya pili na ya tatu utepe ulikuwa umeungua na kukatika, upana wa kama kidole cha mtoto, na ukingo wake ulikuwa mweusi kama mkaa. Kutoka hapo ufa ulikuwa umetambaa hadi kwenye tundu la maji. Kilichonishangaza zaidi ni silikoni ya rangi ya kijivu iliyokuwa imepakwa pande zote mbili za gasketi, nyingine ikiwa imeminywa na kuziba nusu ya tundu moja la maji. Gasketi ya hedi ya namna hii huwekwa kavu. Silikoni ina mahali pake kwenye injini, kwenye pembe za kifuniko cha valvu na kwenye sampo, lakini anayeipaka juu ya gasketi ya hedi anaficha jambo, na mara nyingi anachokificha ni kwamba uso wa hedi haujanyooka.

Hapo ndipo nilipokwenda kwa jirani yangu, mzee aliyefanya ufundi wa magari hadi macho yalipomchoka. Nilimkuta barazani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeipima, au umeiangalia?"

Nilikuwa nimeiangalia. Alikwenda ndani, akarudi na rula ya chuma ya kupimia unyoofu aliyoivingirisha ndani ya kipande cha khanga, akanipa na fila geji, yaani majani membamba ya chuma ya kupimia nafasi, na akanitaka nivirudishe vyote kabla ya adhana ya magharibi.

Nilisafisha uso wa hedi kwa wembe na tina, nikaisimamisha rula kwa ukingo wake juu ya hedi, kwanza kwa urefu pande zote mbili, halafu kwa mshazari kutoka pembe hadi pembe, halafu kwa upana kati ya silinda na silinda. Chini ya rula unajaribu kupitisha majani ya fila geji, ukianza na jembamba kabisa. Kiwango kinachokubalika upande wa bloku ni milimita 0.05. Kwenye ncha, jani la 0.05 halikuingia. Katikati, baina ya silinda ya pili na ya tatu, lilipita kama barua chini ya mlango. Nikajaribu 0.10, likapita. Nikaunganisha majani mawili kufikia 0.12, yakaingia kwa kusuguana kidogo. Kwa macho, hedi ile ilikuwa imenyooka kama kioo. Nilimwonyesha shemeji, naye akaapa kwamba imenyooka. Kisha nikapima uso wa bloku kwa namna ile ile, na Mungu ni mkubwa, jani la 0.05 halikuingia popote.

Kwa hiyo miezi kumi na minne nyuma gasketi mpya ilikuwa imelazwa juu ya hedi iliyopinda, ikapakwa silikoni, nikapewa funguo.

Karakana ya kwanza niliyoipeleka hedi ilitaka kuilainisha kwa kuisugua juu ya msasa mkubwa uliotandikwa kwenye kioo. Wapo wanaofanya hivyo kwa ustadi, lakini mtu hawezi kuondoa zaidi ya sehemu ya kumi ya milimita kwa mikono na kubaki na uso ulio sawa kutoka pembe hadi pembe, nami sikutaka kuwa mtu wa kujifunzia. Ya pili ilikuwa na mashine ya kukata, na kabla ya kukata waliipima kwa presha. Waliziba matundu yote ya maji kwa mabamba na mipira, wakaingiza upepo, wakaizamisha kwenye pipa la maji ya moto tukaangalia. Povu moja likitoka mahali pasipotakiwa, hedi ina ufa. Hakukutoka kitu. Walikata milimita 0.15, na niliporudi nayo nyumbani jani la 0.05 lilikataa kuingia kila nilipolijaribu.

Kwa kuwa hedi ilikuwa mezani, ilikuwa aibu kuirudisha na sili za valvu za zamani. Kutoa valvu kunahitaji kibanio cha kuisukuma springi chini ili vile vipande viwili vidogo vinavyoshika shina la valvu viweze kutoka, navyo ni vidogo kuliko punje ya mahindi. Kwenye valvu ya saba kibanio kiliteleza, springi ikaruka, na kipande kimoja kikapotelea mchangani mahali ambapo kuku wa mama mwenye nyumba walikuwa wakichakura. Nilimfukuza jogoo, nikapiga magoti. Baada ya dakika ishirini nilikwenda kufungua spika mbovu ya redio, nikatoa sumaku yake, nikaifunga kwenye mfuko wa nailoni na kuipitisha juu ya mchanga taratibu kama mtu apigaye pasi. Ilikuja na misumari mitatu, kizibo cha soda na kipande changu. Tangu hapo kazi hiyo niliifanya ndani ya chumba, juu ya shuka.

Valvu kumi na sita nilizichomeka kwenye kipande cha boksi chenye matundu yenye namba, maana kila valvu imezoeana na siti yake, ile pete inayoikalia, na hazibadilishani. Kuzisaga hufanywa kwa dawa ya kusagia iliyo kama grisi yenye mchanga, ukiizungusha valvu mbele na nyuma kwa kijiti chenye mpira wa kunyonya kati ya viganja, kama anayepekecha moto, hadi pete ya kijivu isiyong'aa ionekane imezunguka kikamilifu kwenye valvu na kwenye siti. Nilitumia jioni mbili. Nilipozirudisha pamoja na sili mpya, niliigeuza hedi, nikamimina mafuta ya taa kwenye vyumba vya kuchomea, nikaenda kula. Niliporudi hakuna tone lililokuwa limepenya kwenye njia za hewa wala za ekzosi. Ile dawa ya kusagia isafishwe hadi ya mwisho, kwa sababu inachokifanya kwenye siti ya valvu itakifanya pia kwenye beringi.

Kwa sababu hiyo hiyo uso wa bloku sikuugusa kwa diski ya grenda, ingawa kila aliyepita uani aliniambia ningemaliza kwa dakika tano. Unga wa diski hizo huingia kwenye njia za oili na hautoki. Niliziba silinda kwa vitambaa, nikakwangua gasketi iliyoganda kwa wembe, kwa pembe ya chini, asubuhi nzima. Matundu kumi ya bolti niliyafyonza maji na oili kwa bomba la sindano, kisha nikayakausha kwa kitambaa kilichofungwa kwenye spoku ya baiskeli. Kimiminika kikibaki chini ya tundu hakibanwi. Bolti ikishuka inakisukuma kwa nguvu zake zote, na bloku inaweza kupasuka bila wewe kusikia lolote, huku toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, ikikuambia kwamba umeshakaza.

Wakati hedi ilipokuwa karakana nilirudi kwenye swali langu. Mahali pa tamostati, valvu inayofunguliwa na joto la maji, palikuwa patupu. Mtu aliitoa zamani, huenda kabla sijalinunua gari hili, kwa imani iliyoenea kwamba nchi yetu ni ya joto na tamostati ni ya Wazungu. Katika injini nyingi tamostati ina kisahani cha chini ambacho, maji yakishapata moto, huziba njia ya mkato ili maji yote yalazimike kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto huzunguka ndani ya injini bila kufika kwenye upepo. Mjini hutaona tofauti. Utaiona Kitonga nyuma ya lori la mbolea. Mpya niliyonunua ilipigwa chapa ya nyuzi 82, nami nikaining'iniza kwa uzi ndani ya sufuria ya chai pamoja na kipimajoto, ikaanza kufunguka penye 82 kama ilivyoahidi. Sufuria hiyo nimeambiwa isirudi jikoni.

Jambo la pili lilikuwa dogo zaidi. Kifuniko cha rejeta kina mpira wa duara chini ya springi, na wa kwangu ulikuwa umekakamaa na kupasuka ukingoni. Nikiuchana kwa ukucha ulitoka vipande. Kifuniko chenye alama ya 0.9 huyashikilia maji kwa presha ya takriban kilo 0.9 kwa kila sentimita ya mraba, na chini ya presha hiyo maji matupu hayachemki hadi yapate kama nyuzi 118. Mpira ukifa, presha haijengeki, na maji huchemka kama yaliyo wazi. Kule juu Iringa, kwenye zaidi ya mita 1500 kutoka usawa wa bahari, maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Nilikuwa nimepoteza zaidi ya nyuzi ishirini za usalama kwa kitu kinachouzwa kwa bei ya sahani mbili za wali kuku. Rejeta nayo ilikuwa na matope ya kutu kwa miaka ya kutumia maji ya bomba. Niliipeleka ikafunguliwa na kusafishwa, na sasa humo kuna kulanti, kimiminika cha kupoozea injini. Kulanti ina utamu na ni sumu, kwa hiyo dumu lake limewekwa juu ya kabati, mbali na watoto na mbwa.

Gasketi iliagizwa kutoka Gerezani, Kariakoo, ikaja na basi. Niliilaza ya zamani juu ya mpya kuhakikisha kila tundu linalingana, hasa lile la kupandishia oili, nikaiweka kavu. Bolti zilipata oili kidogo kwenye mikato yake ya skrubu na chini ya vichwa. Nilizikaza kwanza zote hadi nyutonimita 29, kutoka katikati kwenda nje, kwa mizunguko mitatu. Kisha nikatia nukta ya rangi ya kucha mbele ya kila kichwa, nikazungusha kila bolti nyuzi 90 kwa mpangilio ule ule, nukta zote zikatazama pembeni. Nikarudia nyuzi 90 nyingine, zikatazama nyuma. Katika hatua hizo mbili kipimo ni pembe, na renchi haina la kusema, ndiyo maana mtu anayekaza kwa kusikilizia mkono hawezi kujua alipo. Vikombe vya kemushafti vinataka nyutonimita 13 tu. Nilipima nafasi za valvu injini ikiwa baridi, za kuingiza kati ya milimita 0.15 na 0.25, za ekzosi kati ya 0.25 na 0.35, mbili za ekzosi zilikuwa zimebana kwa sababu ya kusagwa, nikazibadilishia visahani vya kurekebishia nafasi, vyembamba zaidi.

Siku ya kuwasha nilizungusha stata bila cheche hadi taa ya oili ikazima. Nilipochomeka distributa, iliwaka kwa jaribio la pili, ikatoa moshi wa oili ya mikono yangu kwenye ekzosi kwa dakika kumi, watoto wa mtaa wakashangilia. Niliwasha hita hadi mwisho ili hewa itoke kwenye mabomba, nikaongeza kulanti kila iliposhuka, nikasubiri hozi ya chini ipate moto ghafla, ishara kwamba tamostati imefunguka. Oili niliibadilisha tena baada ya kilomita 200, maana ya kwanza ilikuwa imefagia mabaki ya maji. Kompresheni ya silinda zote nne ilikuwa kati ya paundi 178 na 184.

Wiki tatu baadaye nilimpeleka mama Iringa. Kitonga tulipanda nyuma ya malori mawili ya kontena, gia ya pili, kiyoyozi nimekizima kwa woga wangu mwenyewe, na mshale ukakaa chini kidogo ya nusu hadi juu. Ilula nilisimama, nikafungua boneti na kumulika kwa tochi ya simu. Pote palikuwa pakavu isipokuwa chini ya distributa, ambako palikuwa na tone moja la oili. Pana ringi ya mpira pale ambayo haikuwemo kwenye seti ya gasketi, nikairudisha ya zamani kwa kudhani itavumilia. Nimeagiza mpya, itakuja na basi la Ijumaa.